Maneno Kumi na Mchi wa Mama

Juzi nilimkuta mjukuu wangu akikariri maneno ya Kiingereza aliyopewa shuleni, nikasikia tena harufu ya mihogo iliyolowekwa na ule moshi wa treni uliokuwa ukishukia nyumba zetu za Kamina.

Sisi pia mwalimu wa misheni alitupa maneno kumi kila wiki. Niliyasoma kwa sauti nyuma ya nyumba, mama akitwanga. Yeye hakukaa darasani hata siku moja, lakini kila neno alinikatiza: “Rudilia, mama, siko nasikia muzuri,” akiniita mama kama binti anavyoitwa kwetu. Nilimhurumia. Nilidhani kelele za kinu zimemharibia masikio.

Alasiri moja mwalimu alipita nyumbani kunipima. Alitaja neno kwa Kiswahili, nami nikajibu kwa Kiingereza. Tisa yalitoka vizuri. La kumi likanipotea.

“Mavuno?” mwalimu akauliza tena.



“Harvest, Mwalimu,” akajibu mama, bila kusimamisha mchi.

Mwalimu akavua kofia, akamuuliza yote tangu la kwanza. Mama hakukosa hata moja. Masikio yake yalikuwa mazima kabisa, nami nikasimama kando ya kinu, kichwa juu, kana kwamba mimi ndiye niliyemzaa.