Meno ya Jiliwa

Kwa miaka arobaini fundi bomba alilitoa kutu jiliwa lake, kile kibanio cha chuma cha kushikia mabomba, kwa mafuta ya taa, brashi ya waya na subira. Mikono ilipoanza kumtetemeka, jiliwa ndilo lililobaki kumshikia kazi. Mkwewe, akitaka kumsaidia, akalichukua kulipiga mashine ya kusagia kutu. Alilirudisha liking'aa kama sahani za wageni.

"Lione, baba! Nusu saa tu."

Mzee alibana bomba, akakaza hadi mwisho, akaanza kukata kwa msumeno. Bomba likateleza. Akapapasa taya: meno yote yalikuwa yamesagwa pamoja na kutu.

"Umelinyoa mpaka fizi, mwanangu."

"Lakini si limependeza?"

"Limependeza. Hata maiti huoshwa akapendeza."

Kesho yake hakufungua karakana.