Bibi Harusi Alikuwa Ghorofani

Kosa la Farhat lilikuwa alama moja ya vema, kwenye kisanduku kidogo kilichoandikwa Hapana.

Swali lenyewe lilikuwa jepesi, au ndivyo walivyodhani waliolitunga: Je, wewe na mdhamini wako mlikuwepo wote wawili ndoa yenu ilipofungishwa? Mtu mwingine angejibu Ndiyo bila hata kukohoa, akaendelea na swali la pili. Farhat hakuwa mtu wa namna hiyo. Kwa miaka sita alikuwa mtoa dawa katika duka moja la Upanga, Dar es Salaam, na kazi ile ilimfundisha kutosema neno asilokuwa na hakika nalo. Akakaa na fomu ile ya kuomba ukaazi mezani kwao Weston, huko Kanada, akafikiri. Akdi, maneno yenyewe ya kufunga ndoa, ilisomwa kule Dar, chini, ukumbini, kwa wanaume. Yeye alikuwa ghorofani, kwa wanawake, amefunikwa shela mpaka kidevuni. Ukumbini hakuwepo. Basi akatia Hapana, na pale pa maelezo akaongeza sentensi moja safi: aliwakilishwa na Maulana, shehe aliyewaozesha. Akalala usingizi mzuri siku hiyo, maskini.

Miezi saba baadaye barua ikaja. Murad, mumewe, aliisoma amesimama, bado amevaa koti lake la kazini, koti la njano la wapakia mizigo wa uwanja wa ndege. Alipofika katikati akavuta kiti.

"Hukuwepo?" aliuliza. "Farhat, umewaambia hukuwepo kwenye ndoa yetu?"

"Nilikuwa juu. Unajua nilikuwa juu."

"Mimi najua. Wao watajuaje?"

Barua ilieleza kwa adabu kwamba Kanada haitambui ndoa ambayo mmoja wa wanandoa hakuhudhuria mwenyewe, hata kama dini yao imeikubali. Afisa alikuwa na shaka. Bi Farhat afike ofisi ya uhamiaji, Etobicoke, Jumanne ya wiki ya tatu ya mwezi ujao, pamoja na mdhamini wake na ushahidi wowote alio nao. Chini palikuwa na jina la afisa: Leslie.

Shaka ile isipoondoka, ombi la ukaazi lingekataliwa, na Farhat angetakiwa kurudi Dar. Na Murad asingeweza kumfuata. Baba yake, mzee Ghulamabbas, alikuwa akisafishwa damu hospitali mara tatu kwa wiki, na mtu wa kumpeleka na kumrudisha alikuwa Murad peke yake. Hakukuwa na mtu aliyehitaji kuelezwa hesabu hiyo. Ingekuwa mke kule na mume huku, mpaka lini hakuna ajuaye.

Murad, kama wanaume wengi wakishikwa na hofu, alianza kutafuta njia za mkato. Kwanza alitaka Farhat aseme aliteleza mkono. Farhat akakataa, mkono wake haukuteleza. Halafu akaja na lingine, alilopewa na rafiki yake kule Bathurst, kwenye kituo cha jumuiya yao, mmoja wa wale wenye jibu la kila jambo.

"Twende manispaa tukaoane tena. Dakika kumi tu, tumemaliza, okei?"

"Na nikiulizwa kama nimeolewa?"

"Unasema hujaolewa."

"Niape?"

Murad akainuka kitini.

"Nisimame mbele ya watu niape mimi sina mume? Na miaka miwili hii chumba kimoja na wewe, tuiite nini? Sema wewe, tuiite nini?"

Murad akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Ushahidi ulikuwepo, na hapo ndipo palipokuwa na uchungu wote. Siku ya ndoa, kama ilivyo desturi yao, simu za wanawake zilikusanywa kwenye kapu pale chini ya ngazi, kwa sababu huko juu kila mtu hufungua nywele, hujipamba na kujiachia, na hakuna anayetaka sura yake izurure mitandaoni. Simu moja tu iliruhusiwa, ya wifi yake, Shazia, dada wa Murad, naye aliahidi mbele ya wanawake wote kwamba picha zile haziendi kwa mwanamume yeyote. Baadaye akamtumia Farhat video, dakika arobaini na moja, kwa maneno mawili: "Ni amana." Ndani yake walikuwemo shangazi, mashoga wa shuleni, mama wa watu, wote vichwa wazi. Murad mwenyewe hakuwahi kuiona.

"Yaani ushahidi kwamba nina mke upo," alisema, "na mimi mwenye mke siruhusiwi kuutazama."

"Huruhusiwi."

"Na afisa?"

Farhat alimpigia Shazia kule Dar. Shazia akazunguka kwa wanawake wale siku tatu nzima, nyumba kwa nyumba na simu kwa simu, akarudi na jibu: afisa akiwa mwanamke, hakuna tatizo, atazame mpaka achoke. Akiwa mwanamume, wawili wamesema hapana, na mmoja wao analia.

"Leslie ni mwanamke," alisema Murad. "Kazini tunaye Leslie mmoja. Mwanamke." Walituma barua pepe kuuliza kwa hakika. Haikujibiwa. Basi wakashika hilo moja, na kila Farhat alipoamka usiku alijiambia Leslie ni mwanamke.

Leslie alikuwa mwanamume. Mrefu, ndevu za kijivu zilizochanwa vizuri, kadi ya jina shingoni. Alitoka mlangoni, akaita jina la Farhat akilivunja vipande vitatu. Farhat alimtazama Murad. Murad aliinamisha kichwa akaangalia viatu vyake. Wangehojiwa mmoja mmoja, mke kwanza.

Chumba kilikuwa kidogo, meza, kompyuta, viti vitatu. Kwenye kiti cha tatu alikaa mkalimani, mama Mkenya wa makamo aliyejitambulisha kwa jina la Cherotich. Farhat alijua Kiingereza, lakini siku ile hakukiamini. Alikuwa amechoka kujibu maswali vizuri mno.

Leslie hakuwa mkali, na hilo lilimtisha Farhat zaidi. Aliuliza walivyokutana, nani huamka kwanza, mzee Ghulamabbas hupelekwa hospitali siku zipi. Farhat akajibu yote. Kisha Leslie akageuza kioo cha kompyuta. Ilikuwa video ya wanaume, ile waliyoambatanisha na ombi.

"Hii ndiyo ndoa yenu?" Cherotich alitafsiri.

"Ndiyo."

"Nionyeshe ulipo."

Ukumbini walikuwepo wanaume kama mia, kanzu na suti, na Murad katikati, amekaa kama mtoto anayengoja sindano. Farhat alitazama kioo. Mkono wake ulibaki mapajani.

"Sionekani hapo."

"Ulikuwa nchi hiyo siku hiyo?"

"Nilikuwa jengo hilo hilo! Juu yao. Ngazi kumi na nane."

"Unaweza kunionyesha?"

Farhat akatoa simu. Akaishika, hakuifungua. Akaeleza mambo ya kapu, ahadi, vichwa wazi, wanawake wawili waliokataa. Cherotich alitafsiri polepole, na Farhat aliona mkalimani ameelewa hata kabla hajamaliza. Farhat akaomba afisa mwanamke aitwe aitazame. Leslie akasema leo hayupo. Akaomba basi mama huyu mkalimani aitazame, aseme alichokiona. Leslie akatikisa kichwa. Mkalimani hutafsiri, hatoi ushahidi.

"Bi Farhat," alisema, "nisipoona kitu, nitaamua kwa karatasi niliyo nayo. Na karatasi hii umeijaza wewe."

Farhat alikuwa akivuja jasho chini ya hijabu. Kufungua ile video kulikuwa kugusa kwa kidole tu. Mwanamume huyu hawajui wale wanawake, hatawaona maisha yake yote, jioni ataenda kula chakula chake na kuwasahau. Alijiambia hivyo, akamkumbuka yule anayelia, ambaye Shazia hakumtaja hata jina, na kidole kikakataa. Alimchukia Leslie, akamchukia Shazia, akajichukia yeye na ukweli wake usiojua kupumzika.

Video ya wanaume ilikuwa bado inacheza. Maulana aliinuka, akapotea kwenye mlango wa ngazi. Baada ya muda akarudi, akakaa, akashika kipaza sauti, akaanza. Maneno matatu tu, kioo kikawa cheusi. Wanaume wakaguna kwa pamoja. Umeme wa ukumbini ulikuwa umekatika.

Farhat aliiona video ile mara nyingi, lakini siku zote alimtazama Murad. Leo alisikiliza.

"Rudisha," alisema. "Mwambie arudishe mpaka Maulana anapoondoka."

Leslie akarudisha. Farhat akafungua simu yake, akaisogeza video mpaka pale alipopataka, akaigeuza simu kioo kikitazama meza, akaifunika kwa kiganja.

"Hutaona," alisema. "Utasikia."

Chumba kikajaa bangili, vicheko, mtoto akililia keki. Kisha sauti ya Shazia: "Shh, nyie! Maulana yuko nyuma ya pazia." Kimya. Sauti nzito ya Maulana ikamwita Farhat kwa jina lake na la baba yake, ikauliza kama amekubali awe wakili wake, amwozeshe kwa Murad. Hakuna jibu. Maulana akauliza tena. Hakuna jibu.

Leslie akainua mkono. Farhat akasimamisha.

"Kwa nini hukujibu? Kuna mtu alikulazimisha?"

Cherotich alilitafsiri lile swali kwa sauti ya chini, na Farhat akaona shimo jipya limechimbwa mbele yake.

"Hapana! Ni desturi. Bibi harusi hajibu haraka. Ukijibu mara ya kwanza wanasema ulikuwa na njaa ya mume. Shangazi zangu wangenicheka mpaka leo." Akamtazama usoni. "Jibu nililijua tangu tulipochumbiana. Nilikuwa nahesabu tu."

Cherotich alitafsiri, akimeza tabasamu. Leslie hakutabasamu, lakini mkono aliushusha.

Maulana akauliza mara ya tatu. Sauti ya Farhat ikatoka chini ya shela, nyembamba lakini nzima: "Ndiyo. Wewe ni wakili wangu." Vigelegele vikalipuka hata simu ikatetemeka chini ya kiganja chake. Viatu vikasikika vikishuka ngazi. Leslie alikuwa ameielekea kompyuta. Maulana alipotokeza tena ukumbini, Leslie akaiacha ile video icheze sambamba na simu ya Farhat.

Kipaza sauti kikaanza kusikika kwa wanawake. Neno la kwanza, la pili, la tatu. Kompyuta ikawa nyeusi, wanaume wakaguna, na chini ya kiganja cha Farhat wanawake arobaini wakapiga kelele wakati ule ule: "Aaaa! Wamekata!" Kote feni zikanyamaza. Leslie alitazama saa ya kompyuta. Jenereta ikakohoa huku na huku, Maulana akaanza upya, na sauti yake ikatoka kwenye kompyuta na kwenye simu kwa pamoja, mpaka akamaliza.

Leslie akasimamisha video. Akaomba nakala ya sauti peke yake, bila picha, Farhat akakubali. Leslie akaitoa fomu kwenye faili, akaiweka mezani pamoja na kalamu, kidole chake kando ya kile kisanduku.

"Nitakuuliza tena swali hili. Kuwepo si lazima ukumbini. Kama ulikuwa hapo ndoa ilipofungwa, ukaikubali kwa kinywa chako, ukaisikia ikisomwa, basi kwangu shaka imeisha. Je, ulikuwepo?"

Cherotich akavuta pumzi atafsiri, lakini Farhat hakumngoja.

"Nilikuwepo," alisema Farhat. Akakata Hapana, akatia Ndiyo, akaweka sahihi pembeni.

Murad naye aliitwa, akakaa ndani dakika kumi na tano, akatoka amelowa mgongo. Aliambiwa shaka ya barua imeondolewa, na faili linaendelea. Wakatembea mpaka kituo cha basi. Upepo ulikuwa mkali, wakaingia kwenye kibanda cha vioo, wakakaa.

"Umemwonyesha?" Murad aliuliza bila kumtazama.

"Hajaona kitu. Amesikia."

"Amesikia nini?"

"Nilivyokukubali."

Basi la kwanza likapita, halikuwa lao.

"Yaani yule bwana amesikia," alisema Murad hatimaye. "Mimi niliambiwa tu. Maulana alishuka, akasema amekubali. Mimi sijawahi kukusikia, Farhat."

Farhat alimgeukia. Miaka miwili, na hilo halikuwahi kumpitia kichwani hata siku moja. Akatoa visikizi mfukoni, kimoja akakitia sikioni mwake, kingine sikioni mwa mumewe, akalaza simu mapajani kioo kikitazama chini.

Shazia akanyamazisha watu. Maulana akauliza. Kimya. Murad akageuza shingo akamtazama mkewe. Maulana akauliza tena. Kimya. Murad akamshika Farhat mkono, akaubana kwa nguvu hata pete ikamuumiza, na Farhat hakuutoa. Akaona mumewe ameacha kupumua, anangoja.