Siku Niliyowavua Maski Ili Tuombe

Kwanza niwataje waliokuwepo, maana mkasa ukisimuliwa bila majina watu husema umetungwa. Alikuwepo Njeri, mjukuu wangu, binti ya marehemu Kariuki wangu, ndiye aliyeanzisha mchezo wa kupigana rangi kwenye ule msitu wetu mdogo hapa juu ya Njoro, ukipanda kwenda Mau Narok. Alikuwepo ndugu yake Mburu, yeye ni mchezaji. Alikuwepo Wafula, refa, kijana wa Naivasha ambaye hana ukoo na sisi lakini aliniita mathe mpaka nikazoea. Alikuwepo Chelang'at, msichana wa timu ya Salgaa, na baadaye akaja mama yake, Tabitha, mwenye hoteli pale malori yanaposimama. Na mimi, Mama Kariuki, mwenye shamba. Aibu ni yangu, kwa hivyo wacha niiseme mwenyewe kabla Wairimu wa ng'ambo ya barabara hajaisema vibaya zaidi.

Huo mchezo (vijana wanauita paintball) ni watu wazima kujificha nyuma ya mapipa na matairi wakirushiana vidonge vya rangi kwa bunduki za hewa, na ukipakwa rangi umetoka. Mimi shule niliiachia darasa la tatu, lakini Wafula alinielewesha vizuri, tena alikuja jikoni kwangu akanywa chai akanieleza, kwa sababu shamba liko kwa jina langu.

"Mathe, shika mbili tu," akasema. "Ndani ya neti inayozunguka uwanja maski haitoki usoni, hata pua ikiwasha. Na bunduki ukivuta mara moja, inatoa risasi moja."

Nikamuuliza kwani kuna inayotoa mingi, akaniambia ziko, zina kakompyuta ndani, kijana akifinya kitufe fulani bunduki inamwaga kama mashine ya kupukuchua mahindi, na anayepigwa hapati hata nafasi ya kuinua mkono aseme nimetoka. Kwa hivyo yeye huzipima zote asubuhi.

"Na mtu akiumia? Si wanasaini karatasi?"

"Karatasi inakulinda ukifuata sheria, mathe. Ukivunja, ni karatasi tu. Hapo ataulizwa mwenye shamba."

Nilimsikia. Nilimwongeza chai. Lakini kusikia na kushika si kitu kimoja, na hapo ndipo mzigo wangu ulipoanzia.

Siku ya mashindano Njeri aliniambia (kwetu nyanya ni cucu), "Cucu, wewe utaomba ukiwa kwa hema, kuna maikrofoni." Kwetu hakuna kitu kinaanza bila maombi, hata viazi hatupandi, hata ng'ombe hatoki kwenda sokoni, kwa hivyo nilikuwa nimevaa kitambaa changu cha kanisa na nimejitayarisha. Lakini nilipotazama kutoka pale hemani nikawaona wamejipanga huko ndani wamefunikwa uso mzima, na kofia juu, nikaona haya ni madharau, kuombea watu kwa mbali kama mbuzi wa jirani, tena wamejificha. Basi nikainua ile neti nikapita chini yake. (Hiyo ndiyo ilikuwa dakika ya kurudi nyuma, na sikurudi.)

"Vijana wangu," nikasema, "mwanamume haombi amefunika kichwa, na hakuna mtu anaongea na Mungu akiwa na sura ya nzige. Vueni."

Wakatazamana. Mmoja akasema, "Shosho, ref atatutoa."

"Refa ni mkubwa kuliko Mungu?"

Sasa hilo nani atalijibu? Wakavua. Wa kwanza kuvua alikuwa Chelang'at, kwa sababu kwao alifunzwa kuheshimu wazee, na hilo ndilo linaniuma mpaka leo, kwamba aliumia kwa sababu ya adabu yake.

Nikafumba macho. Nikasikia filimbi ya Wafula huko mwisho wa uwanja, inalia na inalia, anakimbia akija, na mimi nikasema moyoni huyu kijana hana heshima, nikapandisha sauti. Nilikuwa nimefika pale pa kumwomba Mungu awaepushe watoto hawa na kila madhara, ndipo nikasikia ile mashine ya mahindi.

Ilikuwa Mburu. Alikuwa ameshatoa kile kisoksi kinachofunika mdomo wa bunduki, akijua wanaanza, na ili akunje mikono vizuri mbele ya nyanya yake akaibana bunduki katikati ya mapaja. Ikateleza. Akaidaka, kidole kikaingia pasipofaa, na mdomo ulikuwa umeangalia wenzake, unapanda juu. Ingekuwa ni risasi moja, ingepiga pipa tukaendelea na amina yetu, na hiyo moja kweli ilipiga pipa. Ni zile zilizoifuata.

Nilipofumbua macho Chelang'at alikuwa amepiga magoti ameshika uso, na kati ya vidole vyake kunatoka rangi ya manjano, kisha haikuwa ya manjano tena.

Wale wenzake wa Salgaa walimwangalia Mburu, halafu wakaniangalia mimi. Nimeishi hapa tangu hili shamba la mzungu lilipogawanywa. Nimeona miaka ambayo watu wa kabila letu na la kwao walilala majirani wakaamka maadui. Mtoto wa watu kuanguka shambani kwako kwa kitu kinachoitwa bunduki, mkononi mwa mjukuu wako, hayo maneno hayafiki Salgaa yakiwa na rangi, yanafika yakiwa na damu.

Wafula hakupiga kelele. "Kila mtu maski usoni. Soksi kwenye bunduki. Ya Mburu asiiguse mtu, nitaichukua mwenyewe." Kisha akanitazama. "Mathe, toka ndani ya neti." Alisema polepole, mbele ya watu wote wa hemani, na nilitoka nikiwa nimeinama kama kuku aliyefukuzwa jikoni.

Njeri aliendesha pikapu kwenda Nakuru hospitali, mimi nyuma, kichwa cha msichana kikiwa mapajani kwangu. Aliniuliza, "Kogo, jicho liko?" (Kwao nyanya ni kogo.) Nikamwambia liko. Sikuwa nimeangalia. Niliogopa kuondoa ule mkono wake nikakuta halipo.

Wakamwingiza ndani, sisi tukabaki kwenye benchi na wagonjwa wengine. Mburu akafika na boda, akajibanza kando yangu.

"Cucu," akaninong'oneza, "sema tu ni maombi. Hakuna mtu anaweza kushtaki shosho juu ya kuomba. Wakiangalia hiyo gun, nimekwisha."

"Ulikifinya kile kitufe?"

Akasema, "Baada ya ref kupima."

Sijawahi kuogopa vile. Nikisema ni maombi peke yake, nimejifunga mimi na shamba la babu yao. Nikisema ni bunduki, nimemtoa mtoto wa Kariuki, naye Kariuki hayuko. Na huko ndani kuna mtu hajui kama ataona.

Tabitha akaingia na aproni yake ya hoteli, mikono ina unga. Hakulia. Afadhali angelia.

"Ni nani amempiga mtoto wangu?"

Benchi yote ikageuka kututazama. Nikasimama, kwa sababu jambo kama hilo halijibiwi umekaa.

"Mimi nilimvua maski," nikasema. "Mburu huyu aliitega bunduki yake imwage. Ni sisi wawili, hakuna mwingine."

Mburu akaficha uso magotini.

"Ulimvua maski kwa nini, mama?"

"Ili tuombe."

Akaniangalia sana. "Mkaomba nini?"

"Asiumie."

Kuna mzee mwenye bandeji alikuwa mwisho wa benchi, akakohoa kile kikohozi cha mtu anayezuia kicheko, na mimi nikatamani sakafu ya hospitali inimeze na kitambaa changu cha kanisa.

Daktari alipotoka alisema kidonge kilipiga mfupa wa nyusi, damu imeingia ndani ya jicho kidogo, lakini anaona, alale kichwa kikiwa juu na arudi wamwangalie. Tabitha akakaa chini kando yangu. Si kwa mapenzi, ni miguu ilikataa. Lakini alikaa, na hakuhama.

Wafula alifunga uwanja mpaka aridhike. Mburu alipigwa marufuku kucheza, na akienda pale sasa ni kupima bunduki moja moja pamoja na refa, vuta, risasi moja, vuta, risasi moja, wakimwangalia kama mwizi. Njeri aliniwekea chai muda mrefu bila kuketi nami. Na kanisani Wairimu huniuliza, "Mama Kariuki, leo tufumbe macho ama tuvae maski?"

Siku hizi naombea hemani, maombi mafupi, macho wazi, na wao wamefunikwa vile vile kama nzige. Mungu anajua nani ni nani. Chini ya ile neti sitapita tena, hata nikiitwa.

Majina nina hakika nayo. Mengine, kama nimechanganya, aliyekuwepo anirekebishe. Mimi nakumbuka lilikuwa jicho la kushoto. Chelang'at anasema hapana kogo, lilikuwa la kulia, na akisema hivyo ananikazia macho yote mawili, basi hilo nimemwachia.