Farasi ya Mama Haitabeba Tena

Baba alitoka Masereka na chukudu yake, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, isiyo na pedale, na siku ile hakuleta viazi. Alileta farasi.

Nasema farasi, na musicheke. Kwetu Butembo tulijua mbuzi, kuku na sungura, na kule juu, kwa benye mashamba makubwa, ngombe. Farasi tulikuwa tunaiona kwa picha tu. Hii ilikuwa ya muzungu mumoja aliyefuga ngombe kule milimani na akakimbia wakati vita ilianza. Basoda bakaichukua, bakaibebesha masanduku ya masasi ya bunduki mupaka mugongo ukaoza, kisha bakaiacha kando ya barabara. Baba aliikuta imesimama ndani ya ukungu, kichwa chini, inzi wamejaa kwa vidonda. Akaachia mutu viazi vyake, akaifunga kamba, akashuka nayo mupaka Butembo, mukono mumoja kwa chukudu, mungine kwa farasi.

Mama alitoka mu jikoni na mwiko mukononi. Mimi nilikuwa musichana wa miaka kumi na tisa, nilikuwa nashona nguo mbele ya nyumba, nikajua leo kuna kelele. Mama yangu hakuwa mutu wa kunyamaza, na mimi nimemufuata kabisa.

"Papa wa batoto, hii ni nini?"

"Ni farasi."

"Naona ni farasi! Nakuuliza inafanya nini mu parseli yangu, mu kiwanja changu! Batu banakimbia na batoto mugongoni, weye unaleta mudomo mungine wa kukula?"

Baba aliigeuza tu ile farasi, Mama aone mugongo. Kulikuwa vidonda viwili virefu, huku na huku, mahali kamba za masanduku zilikaa. Mwiko ukashuka pole pole. Nilijua Mama anawaza nini, sababu mimi pia niliwaza kitu kimoja na yeye. Miezi mine kabla ya pale, basoda balimukamata kaka yangu mukubwa akitoka soko, bakamupa sanduku kwa mabega, bakaenda naye upande wa Kasugho, mu pori. Tangu ile siku hakuna habari. Hata moja.

Mama akaenda kuchemsha maji ya chumvi. Aliosha vile vidonda, akaponda papai ya kuiva, akaipaka. Farasi ilitetemeka mwili muzima. "Pole, papa," Mama aliiambia, namna anabembeleza mutoto mwanaume. "Pole, papa, inaisha sasa hivi." Kisha akapiga magoti pale pale mu matope, na akaongea na Mungu kwa sauti, namna anaongea na banunuzi ba soko:

"Nyamuhanga, sikia. Huyu nimemutosha muzigo, nimemutua. Hatabeba tena kitu mupaka siku atakufa. Mimi namutosha huyu, Weye mutoshe mutoto wangu. Tumepatana."

"Mama, unafanya bei na Mungu?" baba akasema.

"Niko mutu wa Butembo. Nafanya bei na kila mutu."

Nilicheka, lakini ndani nilishikwa na woga. Kama farasi ikikufa je? Mama alikuwa amefunga maisha ya kaka yangu kwa mukia wa munyama mumoja aliyeoza mugongo. Nilimukasirikia sana. Na kesho yake asubuhi, mimi wa kwanza, nikaenda kukata majani.

Sasa mujue kosa letu. Mutu wa kwetu akitaka kujua kama ngombe ao mbuzi ni muzima, anaiangalia saa sita, kwa kivuli. Kama inacheua, ni kusema inarudisha majani mukinywa na kuyatafuna tena pole pole, hakuna shida. Kama haicheui, weka kisu tayari. Basi sisi batatu tulikaa saa sita mbele ya farasi, tukaiangalia kinywa. Ilikula majani yetu, ikanyamaza. Tukangojea. Hakuna kitu.

"Haicheui," baba akasema, na sauti yake ilikuwa ya mutu wa kilio.

Siku ya pili, haicheui. Siku ya tatu, haicheui. Na tena hatukuiona imelala hata mara moja, ilisimama tu. Mama akaanza novena, sala ya siku tisa. Benzetu ba Shirika, majirani betu ba kusali pamoja, balikuja na rozari kila magaribi, na kila mumoja na dawa yake. Tulisaga majani ya tumbaku na majivu na chumvi, dawa ya ngombe iliyokataa kucheua, tukaimimina mukinywa kwa chupa. Baba alishika kichwa, mimi nilimimina, Mama alisema Salamu Maria. Farasi ilikohoa, ilitoa povu, ikaanza kukataa hata majani. Siku ya saba magoti yake yalikuwa yanacheza. Nilienda nyuma ya nyumba, nikalia mupaka kifua kikaniuma, sababu kwa akili yangu nilikuwa nazika kaka yangu.

Siku ya nane alifika mucuruzi mumoja muislamu wa Beni, muzee mwenye lori, aliyezoea kununua viazi vya baba na kuvipeleka Kasindi. Alikuta batu kumi na mbili bamezunguka farasi na rozari.

"Nani amekufa?"

"Bado," Mama akasema. "Haicheui. Leo siku ya nane."

Muzee aliangalia Mama, akaangalia farasi, akaangalia chupa mukononi mwangu. Akacheka! Alicheka mupaka akashika muti. Mama alikuwa karibu kumupiga.

"Mama, mimi nikiwa kijana nilikuwa dereva wa muzungu mumoja mwenye kufuga farasi. Farasi haicheui! Tangu Mungu aliiumba, haijacheua hata siku moja! Na kulala, inaweza kulala imesimama. Munaiombea iache kuwa farasi?"

Mwenye kuongoza sala yetu akatia rozari yake mu mufuko. Muzee akanyanganya chupa, akainusa, na pale hakucheka tena.

"Hii njo inaiua. Ni nyinyi munaiua."

Alisema "Bismillahi," akaishika masikio, akaangalia meno, akasikiliza tumbo. Akatuambia: majani na maji safi tu, na kuitembeza asubuhi na magaribi. Mbele ya kupanda lori akamuuliza Mama kama novena imeisha. Mama akasema imebakia siku tatu, akamuambia na habari ya kaka yangu na ile bei. "Imalize," akasema. "Na mimi nitaomba kwa njia yangu. Mutoto wako anaitwa nani?" Mama akamupa jina. Alilirudia mara mbili asilisahau, akaenda zake.

Chupa niliitupa mu choo. Aibu niliyosikia siku ile ninayo mupaka leo: siku tano tuliipa sumu na mapendo yetu yote, na sala juu yake.

Farasi ikaanza kula. Vidonda vikakauka, ngozi mupya ikatokea, nyeupe, bila manyoya. Nilishona saki mbili, magunia ya unga wa fufu, pamoja, nikaifunika mugongo kwa baridi. Nilikuwa naitembeza barabarani, na batu balikuwa banatoka mu nyumba kuona. Mama bakamupa jina "Mama Farasi". Soko nzima! Yeye aliitika tu.

Lakini miezi ilipita, na kaka hakurudi. Na baba kifua chake kiliharibika. Kusukuma chukudu ya viazi kwa ile milima si kazi ya mutu anayekohoa. Asubuhi moja nilimukuta anafunga saki mbili za viazi kwa mugongo wa farasi. Mama alikuwa amesimama kwa mulango, mikono kwa kiuno.

"Mama wa batoto, ni safari moja tu. Naona nimechoka."

"Naona umechoka," Mama akasema. Ni hiyo tu.

Farasi haikukataa. Ingepiga teke, baba angeipiga fimbo na maneno kwisha. Ilishusha kichwa tu na ikaanza kutetemeka, ile kutetemeka ya siku ya kwanza, na mukojo ukashuka kwa miguu yake. Baba aliiangalia. Alifungua kamba, akashusha saki moja, akashusha ya pili, akaketi juu ya viazi na akalia. Baba yangu! Sikukuwa nimemuona akilia, hata siku bamemuchukua kaka. Kisha akasukuma chukudu yake, akaenda.

Mimi njo nilikasirika. Nikamuambia Mama maneno mabaya: farasi yako imepona, inakula na kunenepa, na mutoto wako iko wapi? Mungu wako wa bei amekudanganya.

"Mimi nimetimiza yangu," akasema. "Yake Anajua mwenyewe." Akarudia kutoa kupe mu masikio ya farasi.

Ni hiyo kazi alikuwa nayo jumamosi moja, saa sita, wakati kaka yangu aliingia mu parseli. Kwa miguu yake mwenyewe. Sandale moja ya plastiki, shemizi yake, shati isiyokuwa shati tena, na mabega yameinama kama mutu wa miaka makumi sita. Mimi nilipiga kelele, nikaangusha mukasi. Mama alimukaribia, akamugusa uso, akamugusa bega, akaona anaruka kwa maumivu.

"Vua shemizi."

Vidonda viwili, huku na huku. Mama akaenda kuchemsha maji ya chumvi. Akaponda papai. "Pole, papa," alimuambia. "Pole, papa, inaisha sasa hivi." Muda ule wote farasi ilisimama nyuma yao, ikitafuna majani mara moja tu, kama kawaida yake.

Muzee wa Beni alipopita tena, alisikia kwa mulango Mama anaita kaka yangu kwa jina lile. Alishuka mu lori, akaomba maji ya kunawa, akasali mu kiwanja chetu mbele ya kupakia saki hata moja.

Juma iliyofuata kaka yangu aliamuka asubuhi, na bila kuwaza, akainama kushika saki ya viazi ya kwenda soko.

"Weka chini," Mama akasema. "Weye pia. Mupaka vidonda vikauke."

Na yeye mwenyewe akaifunga ile saki, akaiweka mugongoni, akapitisha kamba kwa paji la uso, namna bamama ba kwetu tunabeba. Akainama. Pale njo niliona. Miaka kumi na tisa namuangalia Mama yangu, na sikukuwa nimeona ule mufereji kwa paji lake, mahali kamba inakaa, ngozi ngumu, bila nywele pembeni.

"Mama, shusha."

"Soko inaningojea."

"Nasema shusha!" Nilimupigia kelele kama yeye mwenyewe. Nikamunyanganya kamba, nikaiweka kwa kichwa changu, nikatangulia.

Mama alinifuata njia nzima mupaka soko, mikono mitupu. Alipita na kuamukia batu, na hakujua mikono aiweke wapi.