Viatu vya Msibani

Ukurasa ulinitaka nijitambulishe. Palikuwa na kisanduku cheupe na juu yake maneno ya Kiingereza niliyoyasoma mara tatu: tuambie wewe ni nani. Nilikaa mbele yake mchana kutwa, katika intaneti kafe moja ya Kariakoo. Zamani lilikuwa duka la vitambaa, kabla mwenyewe, mzee wa Kihindi aliyelirithi kwa babu yake, hajaondoa majora na kuweka kompyuta sita. Alipita nyuma yangu akaniuliza kama ninaandika au ninasali.

Anwani ya ukurasa ule niliipata mfukoni mwa koti. Nilikuwa soko la Mchikichini wakati huo, nikifungua belo za mitumba, na sikuacha mfuko wa nguo bila kuukagua. Wenzangu walitafuta pesa za kigeni. Mimi nilitaka karatasi: tiketi za treni, risiti, barua. Shule niliiacha darasa la sita, lakini kila karatasi nilikaa nayo na kamusi mpaka ikaniambia kitu. Hii yenye anwani ilihusu watu ambao kelele huwaumiza, kumtazama mtu machoni huwashinda, na mikono yao hutulia inapopanga vitu. Niliisoma nimesimama juu ya rundo la makoti, mwenye belo akinifokea. Siku hizi hali hiyo inaitwa usonji. Wakati ule sikuwa na neno lake la Kiswahili, nilikuwa na yale niliyopewa tangu utotoni: kiburi, jeuri, hamnazo.

Kwanza niliandika kwamba mimi ni mwanamume wa Dar es Salaam, nimefanya kazi nyingi na hakuna niliyodumu nayo. Nikafuta. Nikaandika habari ya viatu.

Mama alifariki alfajiri, nyumbani kwetu Magomeni. Kufika saa tano watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani, wanawake wanalia ndani, moshi wa udi unatoka madirishani. Mjomba alinishika bega akaniambia mimi ndiye mtoto wa kiume pekee, nitaingia kaburini kumpokea mama, kwa hiyo nisiende mbali. Sikwenda mbali. Nilikwenda mlangoni, mahali waombolezaji walipovulia viatu.

Kandambili, makubazi, viatu vya ngozi vya watu wa ofisini, vyote vimepandana. Kile kilio kilikuwa kinanigonga kichwani kama mtu anapiga debe. Mikono ikaanza yenyewe. Nikavikutanisha jozi kwa jozi, kisha nikavipanga kwa saizi, vidogo ukutani na vikubwa nje, kandambili upande wake na vya ngozi upande wake, kama tulivyokuwa tukipanga viatu vya mitumba sokoni. Ndipo nikaweza kuvuta pumzi kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.

Jeneza liliponyanyuliwa, wanaume walitoka kwa haraka na hakuna aliyekuta kiatu chake mahali alipokiacha. Wengine walivaa vya wenzao. Wengi waliondoka pekupeku, na lami ilikuwa ya moto. Mimi nilikuwa nazunguka nikiwaelekeza, kandambili huku, vya ngozi kule, namba nane huanzia hapa. Nilikuwa bado naelekeza jeneza lilipokata kona. Nilikimbia, lakini nilipofika makaburini mtoto wa mjomba alikuwa ameshaingia badala yangu na udongo umeanza kurudishwa. Nilisimama nyuma ya migongo ya watu.

Jioni mjomba aliniuliza mbele ya wote, "Umeona ufungue meza ya viatu kwenye msiba wa mama yako?" Kuna waliocheka. Dada yangu hakucheka. Alisema, "Watu wamemzika mama pekupeku kwa ajili yako. Usikanyage hapa tena."

Nilikwenda Tanga, Morogoro, nikafika mpaka Mwanza, na niliporudi Dar nililala kila mahali isipokuwa Magomeni.

Hayo ndiyo niliyojitambulisha nayo. Niliporudi pale kafe baada ya siku mbili, nilikuta mama mmoja wa nchi ya baridi amenijibu. Siku ya kumzika baba yake alihesabu madirisha ya kanisa tangu mwanzo hadi mwisho, ndugu zake wakamwona hana moyo. Mwisho aliandika kwamba siku ile pale mlangoni mimi nilikuwa namlilia mama yangu. Nilimwomba mzee mwenye kafe anichapishie karatasi yenye maneno yake na yangu. Aliisoma ikitoka kwenye mashine, akatafuta bahasha, akaniwekea humo bila utani wowote.

Nilipobisha hodi Magomeni, dada alifungua mlango akabaki amesimama katikati yake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Nikamtafsiria sentensi moja moja, ya mama yule na yangu.

"Huyu mtu anakujua?"

"Hanijui."

"Mimi nimekubeba mgongoni." Alichukua ile karatasi akaitazama, ingawa Kiingereza hajui. "Nilikuwa nakuona kutoka dirishani siku ile. Nikasema, hana hata chozi. Kwa nini hukuniambia mimi?"

Nilimwambia sikujua la kusema. Alijifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Ndani siwezi kukukaribisha," alisema. "Bado siwezi."

Karatasi aliikunja akaifunga kwenye pindo la kanga. Tulisimama hivyo, yeye kizingitini, mimi nje. Viatu vya wanawe vilikuwa vimetupwa hapo mlangoni, kimoja kimelala kifudifudi, mwenzake umbali wa hatua mbili. Nilitia mikono mfukoni. Sikuvigusa.