Bibi Shamba na Inzi wa Mitundu

Immaculata alikuwa bibi shamba wa Misunkumilo, pembeni mwa mji wa Mpanda, na miaka ile ya tisini hiyo ilikuwa kazi ya kutukanwa kwa adabu. Mvua ikichelewa, anaulizwa yeye. Panya wakimaliza mahindi, anaulizwa yeye, kana kwamba kawafuga. Alikuwa Mfipa mfupi, mwenye sauti ya kuongoza kwaya, na baiskeli yake ilikuwa na kila kitu isipokuwa breki. Akishuka mteremko alianza kupiga kelele "Pisheni!" mbali kabisa, na kuku wa kata nzima walikuwa wameshaielewa sauti hiyo kuliko wakulima.

Mwaka batobato ilipoingia kwenye mihogo, utani ulipungua. Majani yalijikunja yakapata madoa ya njano, na ukichimba unakuta mzizi mwembamba kama kidole cha mgonjwa. Immaculata akazunguka akiwaeleza watu kwamba ugonjwa huo husambazwa na inzi weupe, vidudu vidogo vinavyokaa chini ya jani na kuruka kama unga ukiligusa. Aliwaeleza vizuri, nao wakaelewa vizuri mno. Vijana wa Masalu waliokuwa wakichunga ng'ombe walipotikisa tawi la mtundu, ule mti mkubwa wa porini, wakaona unga uleule ukiruka, walikimbia nyumbani kama waliokamata mwizi.

Masalu alikuwa Msukuma aliyekuja na mifugo yake akabaki. Shamba lake la mihogo lilikuwa kubwa kuliko la mtu yeyote upande ule, na mkutanoni hakuhitaji kusimama ili asikike.

"Hao inzi wanazaliwa kwenye mitundu, wanashuka kwetu," alisema kwenye mkutano ulioitwa kwa ajili ya batobato. "Jumamosi tunaikata yote na kuichoma, kabla mvua haijafika."

Watu wakapiga makofi. Asiyepiga alikuwa Venant, Mrundi mrina asali. Mizinga yake yote ya magome ilikuwa imening'inia kwenye mitundu hiyo, na watoto wake walikuwa wanakula kutoka kwenye mizinga hiyo.

"Mawe!" akaguta, kama Warundi wanavyomwita mama kwenye uchungu. "Mkiikata hiyo mmenikata na mimi."

"Wewe tulia," mtu akamjibu kutoka nyuma. "Tunaanza na miti."

Watu wakacheka, lakini si kile kicheko cha kukaribishana. Immaculata akasimama.

"Nani amemwona huyo inzi wa mtundu kwa karibu?"

"Tumewaona wote, mayu," Masalu akasema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Weupe, wana mabawa, wanaruka."

"Na wanafunzi wa shule ya msingi wote wana shati jeupe. Baba yao ni mmoja?"

Mimi, niliyekuwa nimekaa humo mkutanoni, nilisomea kilimo nikaishia nusu ya diploma, kwa hiyo najua nusu ya kila mdudu, lakini nusu hii ninayo. Inzi weupe wakishaota mabawa wanafanana hadi wataalamu wanashindwa. Tofauti iko kwenye utoto wao. Mtoto wa inzi hujibandika chini ya jani, anatulia hapo kama kigamba, na gamba la kila aina lina rangi yake na umbo lake. Ukitaka kumjua, mwache anayeruka. Tafuta gamba.

"Nileteeni majani ya mtundu," Immaculata akasema. "Kama ni yuleyule wa kwenye mihogo, Jumamosi shoka la kwanza nashika mimi."

Maneno hayo aliyasema kwa sauti ya kwaya, na yeye mwenyewe hakujua jibu ni lipi. Hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Ijumaa akaja Minza, mke wa Masalu na mama yake Ngolo, akiwa na majani yamefungwa kwenye kanga safi. Immaculata akayageuza moja baada ya jingine chini ya lenzi yake ya mkononi. Yalikuwa yanang'aa. Hakuna gamba, hakuna vumbi, hakuna chochote.

"Mama Ngolo, umeyafanya nini haya?"

"Nimeyafuta, Bibi Shamba. Yalikuwa na masizi na vitu vimegandagandia. Ningekuletea uchafu?"

Ungemlaumu vipi? Kwao mgeni hapelekewi kiazi chenye udongo, wala yai lisilooshwa. Mke wa Masalu alikuwa ameonyesha heshima, na kwa heshima hiyo alikuwa amewasugua wadudu wote wakaisha.

Immaculata akarukia baiskeli. Alipofika kwenye mitundu akakuta vijana wameshatangulia: matawi yote ya chini yamekatwa ili Jumamosi kazi iwe nyepesi, na yameshachomwa. Majani yaliyobaki yalikuwa juu, kwenye mizinga. Giza likaingia huku anayatazama.

Asubuhi ya Jumamosi mashoka yalikuwa mengi kuliko watu wanaojua kuyatumia. Venant alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye shina la mtundu mkubwa, hataki kunyanyuka.

"Acha nipande nichume majani," Immaculata akamwambia.

"Mchana? Nyuki hawa hawafuatwi mchana, Mama. Ngoja jua lizame."

"Jua likizama itakuwa mkaa," Masalu akasema. "Mayu, ulisema utashika shoka. Shika, tuanze."

Alikuwa amemnyooshea mpini. Immaculata akautazama, halafu akafunga kitenge vizuri kiunoni kama suruali, akamwomba Venant kienge cha majani makavu chenye moshi, akaanza kupanda. Hakuna aliyecheka. Bibi shamba wa serikali, mama mzima, anaparamia mti kwa magoti, moshi unamwingia machoni.

Nyuki walimkubali mpaka kwenye panda ya kwanza. Baada ya hapo sauti yao ilibadilika, ikawa kama mashine ya kusaga iliyokosa mahindi. Tulimwona akipiga shingo. Tukamwona akipiga jicho. Kienge kikamponyoka, watu wakatawanyika, na Venant akawa anapiga kelele chini, "Usiwapige! Usiwapige, Mama!" Immaculata akatulia. Akanyoosha mkono taratibu, akavunja kijitawi, akakibana kwa meno kwenye kikonyo ili majani yasiguswe na kitu, akashuka.

Alipofika chini jicho moja lilikuwa limeziba. Akakaa, akaweka lenzi kwenye jicho lililobaki. Sisi tukangoja huku tukijikuna kwa ajili yake.

Magamba yalikuwepo, mengi. Lakini masizi yalikuwa yameyafunika, kwa kuwa utamu unaodondoka kutoka kwa inzi hao huota ukungu mweusi. Kila kitu kilikuwa cheusi. Je, ni gamba jeusi, au ni gamba la njano lililovaa masizi?

"Vipi?" Masalu akauliza.

"Ngoja."

"Tumengoja wiki nzima."

"Nimesema ngoja!"

Akaomba mwiba. Mikono ilikuwa imevimba. Akawa anakwangua gamba moja, taratibu, kama anayemtoa mtoto kibanzi. Likavunjika. La pili likaruka likapotea. La tatu likakaa. Masizi yakatoka, na chini yake gamba likabaki jeusi, linang'aa, na pembeni mwake kuna ushungi mweupe wa nta umelizunguka lote.

Akaomba jani la muhogo kutoka shambani kwa Masalu, akalilaza kando, akampa Masalu lenzi.

"Huyu wa muhogo unamwonaje?"

"Njano njano. Kama pumba la mpunga. Hana kitu pembeni."

"Na huyu wa mtundu?"

Masalu akainama muda mrefu. "Mweusi. Amevaa kama... amevaa ushungi."

"Ndio hao wanaozaliwa juu. Si hawa wako."

"Anaitwa nani?" Venant akauliza.

"Sijui. Hayumo kwenye kitabu changu. Nitamwandika hivyo hivyo: mweusi, wa duara refu, ushungi mweupe, anakaa kwenye mtundu."

Watu wakaanza kushusha mashoka, lakini Masalu hakuinuka. Bado alikuwa ameshika lenzi juu ya jani la muhogo.

"Basi hawa wangu, ugonjwa wameutoa wapi?"

Mashoka yalikuwa bado mikononi mwa watu, na Immaculata alijua jibu litamgeukia nani.

"Vipando ulivyopanda msimu huu vilitoka wapi?"

"Kibaoni. Shemeji alinipa."

"Vilipochipua majani yalikuwaje?"

"Nilikwambia, baba Ngolo," Minza akasema kwa sauti ndogo. "Nilikwambia yamejikunja tangu mwanzo."

"Basi ugonjwa uliingia ndani ya vipando, kabla ya inzi," Immaculata akasema.

Nusu ya waliosimama pale waligawiwa vipando hivyo na Masalu mwenyewe, kwa ukarimu, bure, na wengine walikuwa bado hawajaacha kumshukuru. Sasa walikuwa wanamtazama kwa namna nyingine, na vidole vilikuwa vinacheza kwenye mipini.

Masalu akasimama. Akamrudishia Immaculata lenzi, akaokota shoka lake, akapita katikati yao bila kumgusa mtu. Alienda moja kwa moja shambani kwake. Tulimsikia kabla hatujamwona: shina la kwanza la muhogo likakatika, la pili, la tatu. Minza akamfuata akaanza kung'oa. Kisha na wengine wakaondoka, mmoja mmoja, kila mtu akielekea kwenye mihogo yake na shoka lake.