Sale kwa Mkuyu

Baba alikuwa mtu wa kujiamini, kama Wachaga wengi waliohamia Arusha biashara zilipofunguliwa. Aliacha kazi ya serikali, akauza mabati na saruji, akajenga nyumba yetu upande wa Ngaramtoni, karibu kabisa na mkuyu mkubwa. Jirani zetu Waarusha waliuita oreteti, na chini yake waliomba mvua.

Miaka haikuwa mingi, sakafu ya chumba cha wazazi ikaanza kuinuka upande mmoja. Ukuta ukapata ufa wa kupitisha mkono. Mama akawa halali, akihofia kufukiwa. Fundi akasema ni mizizi, na Baba akaapa mti utaondoka.

Kumbe ulikuwa mti wa hifadhi, haukatwi bila kibali. Bwana misitu akaja, akauzunguka, akasema ataandika kibali iwapo tu wanaoomba chini yake wataridhia. Msemaji wao alikuwa bibi jirani yetu, mfugaji.

Kwetu Uchagani, ukiletewa jani la sale huna ubavu wa kukataa; hata adui unamsamehe. Baba akakata sale, akavaa koti la kanisani, nikafuatana naye. Akamwamkia bibi shikamoo, akampa jani kwa mikono miwili, akasubiri. Bibi akaligeuzageuza, akashukuru, akauliza kama ni dawa ya ng'ombe. Nilijiuma midomo nisicheke. Baba ikambidi aeleze maana yake, kisha aeleze habari ya ufa na mti. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akamrudishia jani lake.

“Mwanangu, mti si wangu. Kamwombe mwenyewe.”

Baba, mzee wa kanisa, alinuna njia nzima. Lakini alfajiri nilimkuta chini ya mkuyu, sale mkononi, ameinua uso. Nami nikainua. Nilikuwa nimepita pale kila siku nikienda shule bila kuutazama. Mashina yalikuwa yamesukana kama mikeka, matawi yameziba anga lote, na huko juu ndege wasiohesabika walikuwa wanaamka. Niliingiwa na hofu, hofu tamu, nikatamani kupiga magoti. Baba aliliweka jani penye shina, hakuomba kitu. Alipogeuka macho yalikuwa mekundu.

“Tutabomoa chumba,” akasema.

Mama alilia, chumba kile alikichagulia rangi mwenyewe. Hata hivyo tulibomoa. Chini ya sakafu tukaukuta mzizi mnene kuliko kiuno cha Baba. Haukuishia hapo. Ulipita chini ya sebule, chini ya chumba nilicholala mimi, ukatokea jikoni na kuendelea kuelekea mferejini. Tulisimama tukiutazama, hakuna aliyethubutu kuukanyaga.

Mama akafuta machozi, akainama, akaugusa kwa kiganja.

“Baba watoto,” akasema polepole, “sasa ruhusa ya kukaa hapa tutamwomba nani?”